Msinipe Kitabu cha Bata

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la vifaa vya shule hapa mjini Sumbawanga kununua bahasha, nikamkuta mama mmoja amesimama na kijana wake. Kijana mrefu, ndevu zimeanza kuchungulia kidevuni, sweta limemkaa fupi mikononi. Mama alikuwa anaulizia kitabu cha kumsomesha nyumbani. Muuza duka akamtazama kijana kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akamgeukia mama. "Kwani huyu akiambiwa kitu anaelewa?"

Mle dukani palikuwa na harufu ya gundi na karatasi mpya. Harufu ile na swali lile vikanipanda kichwani kwa pamoja. Nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, "Si umuulize yeye? Yuko mbele yako!" Nikatoka bila bahasha. Mtu mzima mimi, mama wa watoto, natembea barabarani najisemea peke yangu kwa sababu ya neno moja la muuza madaftari. Lakini swali lile linanihusu. Aliwahi kuulizwa mama yangu, juu ya kichwa changu, kwenye duka lenye harufu ileile, nikiwa na miaka kumi na minne na masikio mazima kabisa.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kusoma kwa zamu. Unasimama, unasoma sentensi yako kwa sauti, unakaa, anasimama wa pembeni yako. Wengine walikuwa wanasubiri zamu yao kwa hamu. Mimi nilikuwa naisubiri kama mtu anayesubiri sindano. Herufi hazikunitulia. Mama alisema yote yalianza na degedege iliyonipata nikiwa mdogo, homa ikanichukua siku kadhaa, na niliporudi maneno yakawa yanakuja kwangu polepole. Sijui kama ndiyo sababu. Ninachojua ni kwamba kwangu mimi b na d ilikuwa herufi moja inayogeuka ikijisikia. Kitabu kiliandika "Baba analima," mimi nikasoma "Dada analima." Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Sikuelewa kinachochekesha ni nini. Kwetu Kizwite kila mtu alikuwa analima.

Nilipofika darasa la tano, zamu ikinifikia mwalimu alikuwa anasema tu, "Anayefuata." Mwaka mzima wa anayefuata. Ukisoma haya haraka unaweza kudhani alikuwa ananihurumia.

Siku moja mama aliitwa shuleni. Nilisimama kando yake ofisini kwa mwalimu mkuu, mikono nyuma, nikamsikia akisema, "Mama, huyu ni mtoto mwenye mahitaji maalumu. Sisi hapa mwalimu wa watoto wa namna hiyo hatuna. Kaa naye tu nyumbani, tusiwapotezee wenzake muda."

Sasa mnisikilize nilivyoelewa. Redioni nilizoea kusikia habari za wabunge wa viti maalumu. Na mbunge mmoja wa viti hivyo alikuwa amekuja kwenye mahafali yetu, nikaona kwa macho yangu kochi likibebwa kutoka nyumbani kwa mwalimu mkuu ili akae yeye, likatandikwa kitambaa, akafunguliwa soda wakati sisi tumesimama juani. Kwa hiyo neno maalumu nililijua. Maana yake ilikuwa kochi na soda. Nilitoka pale ofisini nimenyoosha shingo. Nikampungia mkono rafiki yangu Neema dirishani, nikimwonea huruma kidogo kwamba yeye anabaki kwenye dawati.

Njiani mama alikuwa ananishika mkono kwa nguvu na anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nikamwambia, "Mama, usilie. Mbona ni heshima?"

Akasimama. "Heshima gani?"

Nikamweleza habari za kochi.

Mama alikaa chini, palepale kwenye ukingo wa mtaro, watu wanapita na baiskeli. Alinitazama muda mrefu. Wangekuwa wengine wangenidanganya, wangesema ndiyo, mwanangu, ni heshima. Yeye akaniambia, "Maalumu waliyoisema si hiyo. Wamesema hawakutaki." Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi. "Mimi nakutaka. Kesho tunaanza."

Mama yangu alikuwa mtu wa Mbeya, amemaliza kidato cha nne, anauza nguo za mitumba za watoto kwenye kibanda karibu na nyumbani. Baba alikuwa Mfipa wa hapahapa, dereva wa gari la serikali, wiki nyingi yuko bondeni Rukwa na mabosi wake. Alikuwa mpole, na mambo yake mazito alikuwa anasemewa na kaka yake, baba mkubwa wa kijijini Mollo. Baba mkubwa alikuwa na shamba kubwa la mahindi na ulezi, na sauti kubwa kuliko shamba. Upande wa baba walimwita mama "huyo mwanamke wa Mbeya" kama vile Mbeya ni ng'ambo. Aliposema atanifundisha mwenyewe nyumbani, walisema ameanza kiburi.

Tulianza kwa kwenda kununua kitabu. Nilivaa gauni langu la kanisani. Muuza duka alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani, akatupokea vizuri.

"Yuko darasa la ngapi, dada?"

"Hana darasa. Namfundisha mwenyewe. Kusoma kunamsumbua."

Hapo ndipo macho yake yalipohama. Aliponiangalia tena hakuniangalia kama mtu aliyeingia dukani. "Akiambiwa kitu anaelewa?"

"Anakusikia," mama alisema.

Yule mzee akaenda rafu ya chini kabisa, ile ya watoto wa chekechea, akarudi na kitabu chembamba chenye bata wa njano kwenye jalada. "Hiki kitamtosha," akasema. Hakusema kitamfaa. Alisema kitamtosha.

Tulikwenda nacho nyumbani kwa sababu kingine hakutupa. Kila asubuhi kabla mama hajafungua kibanda tulikaa barazani, upande linakopiga jua, maana baridi yetu ya Ufipa mnaijua. Bata huyu. Bata anaogelea. Bata ana watoto. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshavunja ungo. Nilikuwa nachota maji, napika ugali wa ulezi unaoshibisha wanaume, nafua, nashika kibanda mama akitoka, najua kuulizia bei na kukataa kudanganywa. Na akili yangu yote hiyo, kila asubuhi, ilikuwa inatakiwa ishangae kwamba bata anaogelea.

Watu wakasikia kwamba mama Fulani anamfundisha binti yake mgonjwa, wakaanza kutuletea vitabu. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani alileta boksi zima la vitabu vilivyokuja kama msaada, vya Kiingereza, vya watoto wadogo, vimejaa picha za watoto wamevaa glovu wanajenga sanamu la theluji. Nikamsikia anamwambia mama mlangoni, "Hata asiposoma, aangalie tu picha." Akanipapasa kichwa. Nilikuwa namzidi urefu, ikabidi anyanyue mkono. Hakuna siku niliyotamani kumng'ata mtu kama siku ile.

Nikagoma. Asubuhi moja mama alifungua ukurasa wa bata na watoto wake, mimi nikaufunga. Akaufungua. Nikaufunga.

"Una nini leo?"

"Sitaki bata."

"Hiki ndicho kiwango chako."

Kusema kweli, neno lile kutoka kwake liliniumiza kuliko maneno ya mwalimu mkuu. Nikapiga kelele jirani wakachungulia. "Bata namjua! Nimewachinja! Nimewanyonyoa! Kuna kipi ambacho sikijui hapa?"

Mama alinyanyua mkono kunipiga, halafu mkono ukabaki hewani. Akaushusha. Alikiangalia kile kitabu, akakigeuza, akasoma mgongoni jinsi walivyoandika umri wa watoto kinaowafaa. Akakiweka pembeni. Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka siku ile hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza, si shuleni, si dukani, si kanisani.

"Haya. Wewe unataka kusoma nini?"

Nilijua jibu papo hapo, ila niliona aibu. Shuleni wasichana wa darasa la saba walikuwa wanapokezana kitabu cha hadithi ya mapenzi, wamekifunika kwa jalada la hisabati. Wakati wa mapumziko walikuwa wanasimuliana, wakiniona nakaribia wanasema, "Wewe hutaelewa." Nikamwambia mama kwa sauti ndogo, "Kitabu cha mapenzi. Chenye mtu ameuawa."

Nikafumba macho nikisubiri kofi. Nilipofumbua, mama alikuwa anacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tutoke ofisini kwa mwalimu mkuu.

Siku ya pili yake alikwenda sokoni, kwa kijana aliyetandaza vitabu vikuukuu kwenye turubai kando ya wauza viatu, akachagua muda mrefu. Alifungua kila kimoja, akapima ukubwa wa herufi kwa ukucha, akasoma kipande kuona kama sentensi ni fupi na kama watu wanaongea kama watu. Alirudi na kitabu kisicho na jalada, hata jina lake hatukulijua. Kilianza hivi: muuguzi mmoja anaitwa Zaituni, mchumba wake ametoweka wiki ya harusi, na polisi wanasema amekimbia. Zaituni haamini. Mimi pia sikuamini.

Mama alikata boksi la majani ya chai, akatoboa dirisha la mstari mmoja, akaliweka juu ya ukurasa ili mistari mingine isije kunivuruga. Anasoma yeye kwanza ukurasa mzima kwa mbwembwe zote, sauti ya polisi, sauti ya mama mkwe, halafu narudia mimi mstari mmoja mmoja. Kuhusu b na d alinichorea kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza. "Wote wawili ni kina mama wanaelekea sokoni, kulia kule. Huyu b ni mjamzito, tumbo liko mbele. Huyu d ameshajifungua, kambeba mtoto mgongoni." Miaka yote ile shuleni walinipiga, walinicheka, waliniruka, na hakuna mmoja aliyetumia dakika ya kunionyesha wanawake wawili wanaokwenda sokoni. Nikikumbuka hilo hata sasa mikono inanikunjika.

Ujanja wake mwingine ulikuwa kuachia patamu. Zaituni amesikia mlio ghalani, mama anasimama. "Nafungua kibanda." Nikimlilia aendelee, ananiambia, "Kitabu nimekuachia." Nilikuwa nabaki na dirisha langu la boksi, jasho linanitoka kwenye baridi, naisukuma sentensi moja nusu saa. Kumbe ni paka. Nilikasirika nikacheka peke yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza maishani mwangu kuisoma kwa sababu nilitaka kujua.

Baada ya hapo tulichagua pamoja. Kitabu cha nyimbo za kanisani, kwa sababu maneno nilikuwa nayajua kwa moyo na macho yalijifunza kuyafuata. Kitabu cha baiolojia cha sekondari, ile sura ya mwili wa mwanamke, kwa sababu nilikuwa na maswali ambayo bata hakuweza kuyajibu. Vingine nilivikataa, mama hakubishana. Na jioni tulirudi kwa Zaituni.

Mambo yalikuwa hapo baba mkubwa alipokuja kunichukua.

Ilikuwa Jumamosi, mama yuko kibandani. Mimi niko barazani nasoma kwa sauti, maana bila sauti sikuweza. Sikujua kama amefika mpaka kivuli chake kilipofunika ukurasa. Alikuwa na mfuko wa unga wa ulezi begani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mama yako hajakwambia? Jiandae, unakwenda Mollo. Mama mkubwa wako amejifungua, anahitaji msaidizi. Baba yako na mimi tumeshakubaliana. Shule si umeshindwa?"

Nilikuwa najaribu kuelewa maneno "baba yako". Yeye akainama, akaokota kitabu, akaanza kusoma kwa sauti yake ya mkutano palepale nilipoishia. Bahati mbaya Zaituni alikuwa amempata mchumba wake. "Akamshika kiuno, akamvuta karibu, na midomo yao..." Shingo ikamvimba. Akakitia kitabu kwenye mfuko wa koti na kusema kwamba ataitisha kikao.

Kikao kilikuwa kesho yake baada ya misa, sebuleni kwetu. Baba alikuwa amerudi kutoka bondeni, amekaa pembeni ya kaka yake, anaangalia vidole vyake. Mama alikaa kwenye kigoda. Mimi nilisimama mlangoni. Mfuko wa unga uko katikati ya sebule kama mtu mwingine.

Baba mkubwa akakitupa kitabu mezani. "Shemeji, hiki ndicho unachomfundishia mtoto? Uhuni? Mtoto mwenyewe akili haijatimia, unamjaza mambo ya kushikana viuno?"

"Shemeji, umekitoa wapi?" mama aliuliza, taratibu.

"Mikononi mwake! Nimemkuta barazani anausoma uchafu huu kwa sauti, bila haya. Nimemsikia kwa masikio yangu tangu barabarani!"

"Umemsikia anasoma?"

"Neno kwa neno! Jirani wote walikuwa wanasikia!"

Mama alimgeukia baba, akamwangalia tu. Nikaona baba anaacha kuangalia vidole vyake.

"Kaka," baba akasema. "Umesema ulimsikia anasoma?"

Nadhani hapo ndipo baba mkubwa alipojisikia alichokisema. "Amekariri," akasema. "Watoto wa namna hii wanakariri kama kasuku."

Baba akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akakifungua kurasa za mwisho ambako tulikuwa hatujafika. Akanipa. Dirisha langu la boksi lilikuwa barazani na hakuna aliyenipa nafasi ya kulifuata, nikatumia kidole. Mistari ikaanza kucheza. Nikawatafuta kina mama wangu wa sokoni, nani mjamzito, nani kabeba. "Zaituni... ali... bisha... hodi." Nikameza mate. "Lakini mlango wa ban... wa bandani haukufunguliwa."

Ilichukua muda mrefu. Baba mkubwa alikuwa anahema kwa kukosa subira, akasema kuku anadonoa haraka kuliko hivyo. Lakini nilimaliza mstari, nikaanza mwingine, na wa tatu, na hakuna aliyesema anayefuata.

"Basi," baba akasema. Akamgeukia kaka yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia tangu wazaliwe. "Haendi Mollo."

Baba mkubwa alisimama. Alisema maneno mengi kuhusu wanaume wanaotawaliwa na wake zao, kuhusu watu wa Mbeya, kuhusu mtoto wake mchanga ambaye sasa atabebwa na nani. Kisha akautwaa mfuko wake wa unga, akautia begani, akaondoka nao. Hakuniomba radhi siku ile wala siku nyingine yoyote, mpaka tulipomzika. Mwalimu mkuu naye hakuomba, wala yule mzee wa dukani. Watu wa aina hii hawaombi radhi, kwa sababu kwao mimi sikuwa mtu aliyekosewa. Nilikuwa tatizo lililotafutiwa pa kuwekwa. Niliendelea kusomea barazani miaka mingine mingi, nikafanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikifeli na kurudia. Leo nasoma chochote ninachotaka, polepole, na kidole. Lakini hasira yangu sijaiweka chini, na sioni kwa nini niiweke, wakati yule kijana wa sweta fupi bado anaangaliwa vile.

Jioni ya siku ile ya kikao mama alirudi jikoni kukoroga maharage. Mimi nilitoka na kitabu barazani, jua bado lipo. Baba akanifuata. Alivua viatu, akakaa chini kwenye mkeka, karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuna goti kitambo.

"Huyo Zaituni," akasema hatimaye, "ndiye nani? Hebu nianzie mwanzo."

Nikamwangalia. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba kitu. Nilimpenda, na nilikumbuka kwamba alinigawa kama mfuko wa unga bila kuniuliza. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anasikiliza.

"Mwanzo utausoma mwenyewe, baba," nikamwambia.

Nikamsubiri mama anikemee. Hakunikemea. Nikaweka dirisha langu juu ya mstari tuliofika, nikaendelea.